Kutoka Hesabu ya Nairuzi hadi Utabiri wa Msimu: Historia ya Utafiti na Mafunzo ya Tabianchi Afrika Mashariki na Suala la Lugha

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya utafiti na mafunzo ya hali ya hewa na tabianchi katika Afrika Mashariki, kuanzia hesabu ya misimu ya wenyeji hadi vituo vya kikanda vya leo. Hoja yake kuu ni kwamba kwa takriban karne moja eneo hili limefanikiwa kuzalisha takwimu na wataalamu, lakini limeichukulia lugha kama kazi ya mwisho, yaani kutafsiri kilichokwisha kuamuliwa. Kwa kuchunguza maneno machache yanayobeba utabiri wa msimu, hasa neno wastani, makala yanaonyesha jinsi maana inavyopotea kati ya mtaalamu na mtumiaji, na hasara inayoweza kufuata. Mwisho, yanapendekeza istilahi iwe sehemu ya mafunzo ya wanameteorolojia na kazi ya pamoja ya taasisi za Kiswahili na za hali ya hewa katika nchi jirani.

1.0 Utangulizi

Mara tatu kwa mwaka, wataalamu wa hali ya hewa kutoka nchi 11 za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika hukutana ili kukubaliana kauli moja kuhusu msimu unaokuja: mvua za Machi hadi Mei, za Juni hadi Septemba, na za Oktoba hadi Desemba. Kauli hiyo hutokana na vipimo vya joto la bahari, mifumo ya kompyuta na mjadala wa watu waliosomea taaluma hiyo kwa miaka mingi. Huandikwa kwa Kiingereza. Kisha kila nchi huichukua, huichambua kwa maeneo yake, na kuipeleka kwa mkulima, mfugaji, mvuvi, mhandisi wa bwawa na ofisa wa maafa.

Katika safari hiyo ya mwisho ndipo swali la makala haya linapoanzia. Mabadiliko ya tabianchi yameongeza thamani ya kila siku ya tahadhari, na nchi za eneo hili zimewekeza katika rada, vituo vya kupimia, shahada na warsha. Hata hivyo, swali la maneno ambayo tahadhari hiyo inasemwa limeachwa kwa wanahabari na watafsiri wanaoletewa kazi ikiwa imekamilika. Historia inasaidia kueleza kwa nini ilikuwa hivyo, na pia inaonyesha kwamba haikuwa lazima iwe hivyo.

2.0 Maarifa ya misimu kabla ya vituo vya kupimia

Kabla ya kipimamvua cha kwanza kusimikwa, jamii za Afrika Mashariki zilikuwa na elimu ya misimu iliyopangika. Katika mwambao, watu walifuata mwaka wa jua ulioanza siku ya Nairuzi, neno lenye asili ya Kiajemi. Mwaka huo wa siku 365 ulihesabiwa kwa makundi ya siku kumi kumi yaliyoitwa miongo, na mabaharia na wakulima walitaja wakati wa kusafiri au wa kupanda kwa kutaja mwongo. Kwa kuwa hesabu hiyo haikuwa na mwaka mrefu, Nairuzi ilirudi nyuma kwa siku moja kila baada ya miaka minne, na wajuzi wa hesabu walipaswa kulikumbuka hilo. Kumbukumbu yake ipo hadi leo katika sherehe za Mwaka Kogwa zinazofanyika Makunduchi, Unguja, kila Julai.

Msamiati uliotokana na elimu hiyo ni mpana. Kaskazi na kusi ni majina ya pepo na pia ya majira yanayoletwa na pepo hizo. Masika, vuli, kipupwe na kiangazi hutaja mvua, ubaridi na joto pamoja na kazi za kila wakati. Neno msimu lenyewe lina historia ya kufikirisha. Limetoka katika Kiarabu, na mzizi huohuo ndio uliopita kwa mabaharia wa Kireno na kuzaa jina ambalo lugha za Ulaya hulitumia kwa pepo za Bahari ya Hindi. Sayansi ya dunia, kwa hiyo, iliazima moja ya maneno yake makuu kutoka katika lugha za kazi za bahari hii, kabla ya kurejea pwani hizihizi ikiwa na istilahi za kigeni.

Bara nako kulikuwa na wajuzi. Mfano unaojulikana zaidi ni ukoo wa Nganyi wa Bunyore, magharibi mwa Kenya, ambao kwa vizazi vingi umetazama kupukutika na kuchanua kwa miti katika misitu yake mitakatifu, mienendo ya wadudu na ndege, na mwelekeo wa upepo, ili kuwaambia majirani wakati wa kuandaa mashamba.

Maarifa haya hayapaswi kutukuzwa kupita kiasi. Tufani ya Aprili 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja na kuharibu meli za Sultani Barghash haikuzuiliwa na hesabu ya miongo. Jambo la kuzingatia ni umbo la maarifa yenyewe. Hesabu ya Nairuzi haikumwambia mtu kwamba mvua itakuwa ya kiasi fulani. Ilimwambia siku ya kufanya jambo. Ujuzi ulikaa ndani ya lugha ya kazi, na mjuzi na mtumiaji walizungumza lugha moja.

3.0 Idara moja, nchi nne: 1929 hadi 1977

Mwaka 1929 Uingereza iliunda idara moja ya hali ya hewa kwa makoloni yake ya Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Nairobi. Mkuu wake wa kwanza, Albert Walter, alitoka Mauritius, alikojijengea sifa katika takwimu za hali ya hewa za kisiwa hicho. Idara ilihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Vipimo vilikusanywa katika ofisi za serikali, stesheni za reli, misheni na mashamba ya walowezi.

Mahitaji yaliyoiongoza idara hiyo yanaeleza mengi kuhusu lugha yake. Mwaka 1931 ndege za Imperial Airways zilianza safari kutoka London hadi Mwanza, na rubani akawa mteja mkubwa. Baadaye Vita vya Pili vya Dunia viliongeza mahitaji ya anga. Rubani alihitaji tarakimu na alama za kimataifa, nazo zilisomeka vilevile Entebbe na Cairo. Mkulima mdogo wa Kiafrika hakuwa mteja wa idara hii kwa namna hiyo. Waafrika wengi walioajiriwa walikuwa wachunguzi wa vituoni: walisoma vipimo kwa saa zilizopangwa, wakaandika tarakimu na kuzituma. Uchambuzi na utabiri vilibaki kwa wataalamu wa Kizungu hadi karibu na uhuru.

Gharama ya kutenga takwimu na ujuzi wa mahali ilionekana Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mradi wa Karanga katika Tanganyika, ukiwa na matrekta na maelfu ya wafanyakazi. Mapema mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Sababu zilikuwa nyingi: mashine zisizofaa, haraka ya kisiasa, udongo wa mfinyanzi uliogeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na mvua ambayo haikuaminika. Wagogo walioishi katika nchi hiyo waliijua tabia ya mvua yake, na njaa zao zilikuwa na majina. Ujuzi huo haukuwa na mahali pa kuingilia katika mpango uliokuwa umeandikwa London.

Idara hiyo ya pamoja ilidumu chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki kuanzia 1948, chini ya Shirika la Huduma za Pamoja kuanzia 1961, na chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanzia 1967. Baada ya uhuru kazi ya mafunzo ilipewa uzito mpya. Nairobi ikawa na chuo cha mafunzo na utafiti wa meteorolojia kilichotambuliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) kuwa kituo cha kanda, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikafundisha somo hilo hadi shahada za juu. Kizazi cha kwanza cha wanameteorolojia Waafrika kilichukua nafasi za uongozi. Haya yalikuwa mafanikio makubwa, na msingi wa yote yaliyofuata. Lugha ya mafunzo, hata hivyo, ilibaki ileile iliyorithiwa kutoka kwa idara ya marubani.

4.0 Ukame, El Niño na utabiri wa msimu: 1977 hadi 2003

Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, idara iligawanyika. Kila nchi ilianza kujijengea huduma yake. Tanzania, kwa mfano, ilianzisha pia chuo chake cha hali ya hewa Kigoma. Mgawanyiko huo ulikuja wakati mbaya. Ukame wa 1983 na 1984 ulioua watu wengi Ethiopia na kuiathiri Kenya ulionyesha kwamba mawingu hayana mpaka. Mwaka 1989 nchi 24 za mashariki na kusini mwa Afrika, kwa msaada wa WMO na Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa, zilianzisha Kituo cha Kufuatilia Ukame, Nairobi, pamoja na tawi lake Harare. Kituo cha Nairobi, ambacho kwa miaka mingi kiliongozwa na Profesa Laban Ogallo, kikawa mahali ambapo kijana mwenye shahada kutoka Kampala, Bujumbura au Addis Ababa angeweza kukaa kwa wiki kadhaa akichambua takwimu za nchi yake pamoja na wenzake. Mwaka 2003 kilihamishiwa chini ya IGAD na kuitwa ICPAC.

Wakati huohuo mipango ya kimataifa iliongeza nguvu. START, programu ya uchambuzi, utafiti na mafunzo kuhusu mabadiliko ya mazingira ya dunia, ilianzishwa mwaka 1992 na kuwapa watafiti wa Afrika ruzuku na mafunzo ya muda mfupi. Kati ya 2006 na 2012, Kanada na Uingereza zilifadhili mpango wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi barani Afrika uliogharimia miradi ya utafiti wa vitendo. Vyuo vikuu vya kanda, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vilianzisha masomo ya shahada za juu katika uwanja huu.

Tukio lililobadilisha zaidi uhusiano wa taaluma na umma lilikuwa mvua za mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998. Joto kubwa la Bahari ya Pasifiki, yaani El Niño, pamoja na joto la upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, vilileta mafuriko makubwa Kenya, Somalia, Uganda na Tanzania. Barabara na madaraja yalikatika, na homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo kaskazini mashariki mwa Kenya na Somalia. Februari 1998, mvua hizo zikiwa hazijasahaulika, jukwaa la kwanza la mwelekeo wa tabianchi kwa Pembe ya Afrika lilifanyika Nairobi. Tangu hapo utabiri wa msimu umekuwa huduma ya kudumu.

Mwaka 1999 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Japani, wakiongozwa na N. H. Saji, walichapisha maelezo ya mwenendo wa joto la Bahari ya Hindi unaoitwa sasa Dipoli ya Bahari ya Hindi. Ilibainika kwamba mvua nyingi za vuli haziamuliwi na Pasifiki peke yake. Lakini katika lugha ya umma, hasa Kenya, El Niño lilikwisha kuwa jina la mafuriko yenyewe. Mtaalamu alilitumia neno hilo kwa joto la bahari iliyo mbali. Mwananchi alilitumia kwa maji yaliyoingia nyumbani. Tofauti hiyo ya maana ilikaa kimya kwa miaka mingi.

5.0 Neno wastani na mengine

Kauli ya utabiri wa msimu hujengwa juu ya neno wastani. Mvua zitakuwa chini ya wastani, za wastani, au juu ya wastani. Neno hili linaonekana rahisi, na ndiyo maana halijachunguzwa vya kutosha.

Katika taaluma lina angalau maana mbili. Kwa njia ya kwanza, misimu ya miaka 30 hupangwa kuanzia uliokauka zaidi hadi wenye mvua nyingi zaidi, kisha hugawanywa katika mafungu matatu ya misimu kumi kumi. Fungu la kati ndilo la wastani. Kwa njia ya pili, inayotumika pia katika taarifa za kitaifa, mvua za wastani ni zile zilizo kati ya asilimia 75 na 125 ya kiwango cha muda mrefu. Mahali penye kiwango cha milimita 300 kwa msimu, basi, milimita 225 na milimita 375 zote ni mvua za wastani, ingawa kwa shamba la mahindi ni vitu viwili tofauti kabisa.

Katika Kiswahili cha kila siku neno lina maana ya tatu. Maisha ya wastani ni maisha yasiyo na shida kubwa; mtu wa kipato cha wastani hana utajiri lakini hakosi chakula. Anayesikia kwamba mvua zitakuwa za wastani ana kila sababu ya kuelewa kwamba zitatosha. Bukoba, ambako hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, hatakuwa amekosea sana. Dodoma, ambako kiwango cha mwaka hakifiki milimita 600, mvua ya wastani ni mvua haba kwa mahindi, ingawa mtama na uwele vinaweza kuivumilia. Taarifa ni ileile, neno ni lilelile, na hasara inamwangukia yule aliyeko mahali pakavu zaidi.

Upande wa juu una tatizo jingine. Kundi la juu ya wastani lina mwanzo lakini halina mwisho. Asilimia 126 imo, na asilimia 300 imo pia. Kwa mtaalamu hilo linaeleweka. Kwa ofisa wa wilaya, juu ya wastani husikika kama jambo la kiasi, lililo hatua moja tu mbele ya kawaida.

Uwezekano nao hupotea njiani. Utabiri ukisema kuna asilimia 45 za mvua juu ya wastani, 35 za wastani na 20 chini ya wastani, maana yake ni kwamba katika hali kama hizo, msimu mmoja kati ya mitano utakuwa wa upungufu. Taarifa hiyo ikifika redioni kama mvua kubwa zinatarajiwa, ule msimu mmoja umefutwa. Kitenzi kutarajia kinazidisha jambo, kwa kuwa katika matumizi ya kawaida hubeba tumaini. Upungufu ukitokea, mkulima huona kwamba amedanganywa, na neno utabiri, ambalo tayari linakaa karibu na unajimu katika fikra za wengi, hupoteza heshima yake.

Tofauti za nchi jirani huongeza utata. Tanzania imezoea tabianchi kwa hali ya muda mrefu na hali ya hewa kwa mambo ya siku chache. Nchini Kenya mabadiliko ya hali ya anga na mabadiliko ya hali ya hewa husikika sana kwa maana ya tabianchi, kiasi kwamba jambo la miongo na jambo la kesho asubuhi hubeba jina moja. Kuna pia wanaosema mvua fupi na mvua ndefu kwa kufuata Kiingereza, ilhali vuli na masika vipo na vinaeleweka.

Si kweli kwamba Kiswahili hakina nyenzo za kueleza mashaka. Huenda, yamkini, aghalabu na nadra hupanga viwango vya uwezekano. Methali isemayo dalili ya mvua ni mawingu inatofautisha ishara na tukio lenyewe, na hiyo ndiyo tofauti ambayo utabiri wa msimu unaihitaji. Kilichokosekana ni kazi ya kuzipa nyenzo hizo viwango vinavyokubalika, ili huenda ya Mombasa na huenda ya Mwanza zimaanishe kiasi kimoja.

6.0 Majaribio ya kuziba pengo

Historia ya karibuni ina majaribio matatu yanayostahili kuzingatiwa. La kwanza ni la Nganyi. Mwishoni mwa miaka ya 2000, kwa ufadhili wa mpango wa Kanada na Uingereza uliotajwa, wataalamu wa idara ya hali ya hewa ya Kenya na ICPAC walianza kukaa na wazee wa Nganyi kabla ya msimu. Kila upande ulieleza ulichokiona, kisha wakatafuta kauli ya pamoja iliyosambazwa katika lugha ya wenyeji. Wajuzi ambao zama za ukoloni ziliwatazama kwa jicho la sheria za uchawi sasa walikaa meza moja na wenye shahada. Faida yake haikuwa tu kupata dalili zaidi. Mwanameteorolojia alilazimika kusema utabiri wake kwa maneno ambayo mzee angeweza kuyapinga.

La pili lilifanyika Longido na Kiteto, Tanzania, wilaya zilizochaguliwa kwa majaribio ya Mfumo wa Kimataifa wa Huduma za Tabianchi katika miaka ya 2010. Huko, maofisa ugani walifundishwa njia iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Reading, ambayo humpa mkulima rekodi za mvua za eneo lake mwaka kwa mwaka kabla ya kumpa utabiri. Mkulima akiona katika mchoro kwamba kati ya miaka 30 ni michache tu iliyofikisha maji ya kutosha kwa mbegu ya muda mrefu, neno wastani huacha kumdanganya. Uwezekano umegeuzwa kuwa hesabu ya miaka anayoikumbuka.

La tatu ni la Rwanda, ambako kati ya 2016 na 2019 njia hiyohiyo ilipelekwa kwa wakulima katika wilaya zote 30, kwa Kinyarwanda. Rwanda inafundisha jambo la kisera: ugani wa aina hii ukiwekwa ndani ya mfumo wa serikali, unaweza kuvuka kiwango cha mradi mdogo. Inafundisha pia kwamba Kiswahili hakipaswi kuchukuliwa kama suluhisho pekee la kanda. Kazi yake ni ya kuunganisha: kati ya wataalamu wa nchi mbalimbali, na kati yao na lugha nyingine za wananchi.

7.0 Mitihani ya 2023 na 2024

Vuli ya 2023 ilikuja baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua haba iliyokausha Pembe ya Afrika tangu mwishoni mwa 2020. El Niño na Dipoli ya Bahari ya Hindi zilikuwa zimejitokeza kwa pamoja, na utabiri wa kanda ulielekea kwenye mvua nyingi. Mapema Oktoba, hata hivyo, uongozi wa juu wa serikali ya Kenya ulitangaza hadharani kwamba, kwa mujibu wa wataalamu, mvua zingeongezeka lakini zisingefikia uharibifu wa El Niño. Wanameteorolojia walilazimika kueleza upya kwamba El Niño ilikuwapo. Kufikia Desemba, mafuriko yalikuwa yameua watu zaidi ya mia moja nchini humo.

Haitoshi kulisoma tukio hilo kama kosa la kisiasa. Maana zote zilizojadiliwa zilikutana hapo. El Niño ya mtaalamu ilikuwa joto la bahari. Ya umma ilikuwa gharika ya 1997. Juu ya wastani ilisikika kama habari njema kwa kulinganishwa na gharika hiyo, ingawa kitaalamu haikuiondoa. Kila upande uliweza kuamini kwamba umesema jambo moja na mwenzake.

Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilikaribia pwani ya Tanzania. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa mfululizo kwa Kiswahili zikieleza kilipo, umbali wake kutoka nchi kavu, mikoa iliyo hatarini na hatua za kuchukua. Usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ulisitishwa. Ni kweli kwamba kutabiri kimbunga kwa siku mbili na kutabiri msimu kwa miezi mitatu ni kazi zenye ugumu tofauti, na zisilinganishwe kwa usahihi wake. Ulinganisho unaofaa ni wa umbo la kauli. Taarifa za Hidaya zilitaja mahali, wakati na kitendo, kama hesabu ya miongo ilivyofanya zamani.

Kati ya matukio hayo mawili na mengine ya karibuni, moja lina funzo kwa mipaka. Mapema Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, na siku chache baadaye zaidi ya 400 katika Kalehe, Kivu Kusini. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini haimo katika nchi 11 zinazohudumiwa na ICPAC. Kiswahili kinasikika pande zote mbili za Ziwa Kivu. Taasisi zinazotoa tahadhari bado hazijapangwa kwa namna hiyo.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyofuatiliwa hapa si ya kushindwa. Katika muda wa chini ya karne moja, eneo ambalo Waafrika wake walikuwa wasomaji wa vipimo tu limezalisha maprofesa, vituo vya kanda na jukwaa la utabiri linalofanya kazi kila msimu. Ilichoacha ni mazoea: kwamba sayansi hukamilika kwa Kiingereza, na lugha nyingine hupokea. Kongwa, Longido na Nairobi ya 2023 zinaonyesha kwamba maana haisubiri hatua ya mwisho. Huamuliwa pale neno linapochaguliwa.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, vyuo vya hali ya hewa vya Nairobi, Kigoma na Entebbe, pamoja na idara za vyuo vikuu, viingize katika mitaala yao somo la kuandika na kueleza utabiri kwa Kiswahili na lugha za wenyeji, na mwanafunzi apimwe kwa namna msikilizaji alivyoelewa. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, BAKITA, BAKIZA na wadau wa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wakae na wanameteorolojia kabla ya kauli ya msimu kuandikwa, wakubaliane juu ya maneno machache ya msingi: wastani, uwezekano, tahadhari, tabianchi. Kwa wastani, njia nyepesi ipo tayari: kutaja milimita za mahali husika na zao linalozivumilia, na kusema uwezekano kwa hesabu ya miaka katika kila kumi. Tatu, fedha za miradi ya kuhimili tabianchi zitenge fungu la utafiti wa uelewa, ili ijulikane watu walisikia nini, si tu kwamba taarifa ilitumwa.

Kuanzia mwaka 2022 Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, na kila tarehe 7 Julai dunia huadhimisha siku yake. Heshima hizo zitapata uzito zaidi siku ambayo mkulima wa Kongwa atasikia neno wastani na kujua, bila kuuliza, kama apande mahindi au mtama.